Hewa ya Mtu Mmoja

Jumapili mchana mjomba wangu akishamnyoa mteja wa mwisho, hushusha pazia la mlango, na saluni yake inageuka kuwa makao ya Chama cha Filamu Zilizoonewa. Usicheke jina, nimeshalicheka mimi kwa niaba ya wote. Ni watu wazima kabisa, wenye kazi na familia, wanaochukua filamu iliyodharauliwa na kila mtu, wanaitazama upya tangu mwanzo, kisha wanaamua kama ilionewa au ilistahili kudharauliwa. Kila filamu hupewa wakili mmoja na mwendesha mashtaka mmoja. Wakili hupatikana kwa kuchomoa kijiti. Mwendesha mashtaka ni yuleyule siku zote, mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, maana ukimpa utetezi anaupokea kwa adabu halafu anashtaki vilevile.

Kuna kanuni mbili. Ya kwanza, picha ikifika katikati, wakili akiona mteja wake hateteeki anaweza kusalimu amri, na televisheni inazimwa palepale. Ya pili aliitunga mjomba baada ya kuchoshwa na wanachama wanaojifanya hawajawahi kutazama filamu za ovyo. Ukitamka maneno ya mwigizaji kabla mwigizaji mwenyewe hajayatamka, unasimama mbele ya kioo kikubwa, unaeleza uliiona lini na ulikuwa na nani, kisha unafagia saluni. Na nywele za Jumapili si za mchezo. Zinatosha kujaza mto.

Safari hii kijiti kilinidondokea mimi. Mshtakiwa alikuwa *Jasusi Juu ya Mawingu*, filamu ya zamani ambayo watu wa rika la wazazi wangu wakiitaja hushika kichwa kwanza. Sikuogopa. Kazi yangu ni kupokea simu kwenye kampuni ya bima, na kutwa nzima nasikiliza madereva wakinieleza jinsi ukuta ulivyowafuata barabarani. Visivyoteteeka nimevizoea.

Aliyeogopa alikuwa baba.

Nilikuwa naosha vyombo alipoingia jikoni, akafunga mlango, akafungulia bomba ili maji yapige kelele. Baba ni fundi majokofu, mtu wa kutumia maneno kama anayalipia, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Mwanangu, hiyo kesi ya Jumapili, ushindwe."

"Nishindwe kwa nini, baba?"

"Salimu amri katikati. Wasifike kule juu, angani."

Ili umwelewe baba, lazima kwanza uione sebule yetu. Juu ya televisheni kuna fremu, na ndani ya fremu kuna kadi ya harusi ya wazazi wangu. Chini ya majina yao yameandikwa, kwa rangi ya dhahabu, maneno ambayo baba alimwambia mama alipomwomba wafunge ndoa: *Hewa ikibaki ya mtu mmoja, tutaivuta kwa zamu.* Hakuna mgeni anayekunywa chai kwetu bila kusomeshwa kadi ile. Mama wadogo husema hayo ni maneno ya fundi majokofu hasa, mtu aliyezoea gesi na mipira yake, na kwamba hata mshairi asingeyatunga. Mimi mwenyewe nilimkataa mchumba kwa ajili ya kadi hiyo. Aliniambia ananipenda kuliko simu yake. Nikamtazama, nikaitazama kadi, nikamfungulia mlango.

"Yale maneno si yangu," baba alisema, akitazama maji. "Ni ya yule jasusi. Wako kwenye chombo, yeye na daktari wa kike, chombo kimetoboka, hewa inaisha. Ndipo anamwambia."

Nilishikilia sahani, nikashindwa kuisuuza.

"Mama anajua?"

"Hajawahi kuiona. Miaka yote hii, filamu hiyo ikitajwa tu mimi nageuza mazungumzo. Sasa mjomba wako amemwalika. Amemwambia, dada, njoo uone binti yako akitetea upuuzi."

Nilikasirika, na sioni aibu kusema hivyo. Yule mchumba alikuwa mtu mzuri, ana kazi, ana gari, na meno yake yote. Nilimpima kwa rula niliyoambiwa ni ya baba, kumbe ni ya mtu aliyevaa suti ya fedha na kupigana na roboti. Lakini nilipomgeukia baba nikaona midomo inamcheza. Hakuwa anaogopa kuchekwa na saluni. Alikuwa anaogopa kwamba mama ataitazama ile kadi na kuona mtu mwingine kabisa, halafu kwa umri wake huu aanze kumbembeleza upya, bila maneno mapya.

"Nitasalimu amri," nikamwambia. "Ila sahani hizi unamalizia wewe."

Jumapili baba alifika saluni na sanduku la vifaa. Alidai amesikia jokofu la vinywaji linalia vibaya, afadhali azime umeme alikague.

"Shemeji," mjomba akasema, "jokofu hilo halijawashwa tangu mwaka jana. Kaa chini."

Mama alikuja amevaa kama anakwenda kumlaki mgeni uwanja wa ndege. Alipewa kiti cha katikati, kile cha kunyolea, na mjomba akakipandisha kwa kukanyaga pampu mpaka dada yake akawa juu yetu sote. Mwalimu alikaa mbele kabisa na karatasi yake ya mashtaka. Baba alisimama mlangoni amekumbatia sanduku.

Sasa nikueleze hiyo filamu. Kuna tajiri mbaya anayetaka kulifunika jua kwa pazia, dunia nzima iwe giza, awauzie watu balbu. Jasusi anatumwa kumzuia. Anajificha ndani ya tanuri la mkate, anatoka suti imenyooka kuliko alivyoingia. Anaruka kutoka juu ya treni akaning'inia kwenye ndege kwa mpini wa mwavuli, na mwavuli haupinduki. Anaulizwa jina lake na maadui, anawapa la uongo, halafu anawapa kadi yenye la kweli. Mwalimu alikuwa akiguna kama mtu anayetolewa mwiba, huku akiandika mpaka upande wa pili wa karatasi.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda. Hiyo ndiyo habari mbaya. Hakuna mtu kwenye filamu ile aliyekuwa anafanya mzaha. Walikuwa wanaupigania ule upuuzi kwa moyo wao wote, jasho linawatoka, na yule tajiri alililia pazia lake machozi ya kweli. Nilikuwa nimeshaupanga utetezi kichwani, mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia pale, kisha roketi ikatoka kwenye bomba la moshi la kiwanda cha mikate, ikapaa, na mjomba akasimamisha picha.

"Katikati. Wakili, unaendelea?"

Kwenye kioo nilimwona baba. Alikuwa amefumba macho.

"Nasalimu amri," nikasema.

Watu walinung'unika. Hata mwalimu alisononeka, kwa kuwa mashtaka matamu alikuwa ameyaweka akiba kwa sehemu ya angani. Mjomba akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Wewe," mama akasema kutoka juu ya kiti chake. "Acha hiyo."

"Dada, kanuni inasema wakili akisalimu—"

"Mimi nimeoga, nimevaa, nimekuja kuona mtu akienda angani. Mmenionyesha treni. Treni naziona kila siku."

"Lakini kanuni, dada."

"Kanuni ya nani? Nimekubeba mgongoni wewe. Washa."

Mjomba aliwasha. Baba alikalia sanduku lake.

Kule angani mambo yalizidi. Jasusi alimimina chai, ikashuka kikombeni wima kama ya mezani kwetu. Nywele zake zilipeperushwa na upepo.

"Upepo gani?" mwalimu akalalamika. "Jamani, upepo unatoka wapi?"

"Mwalimu," nikamjibu, kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, "huyu mtu anapigania jua lenu lisifunikwe. Wewe unamdai chai."

Saluni iliangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akajikaza asicheke, akashindwa. Nadhani hapo ndipo kesi ilipogeuka, ila sikuweza kufurahi. Kwenye skrini kitobo kilikuwa kimetokea ukutani mwa chombo, taa nyekundu inawaka na kuzima, na daktari wa kike alikuwa ameshika mtungi mmoja wa hewa. Muziki ukashuka. Baba aliinama akaanza kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Jasusi akamshika daktari mabega. Akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka juu ya kiti cha kunyolea, tulivu, kama ya mtu anayesoma bei ya sukari.

"Hewa imebaki ya mtu mmoja. Ivute wewe, daktari. Mimi nina miadi na jua."

Kisha jasusi naye akasema, neno kwa neno: "Hewa imebaki ya mtu mmoja. Ivute wewe, daktari. Mimi nina miadi na jua." Akafungua mlango, akatoka nje ya chombo, tai ikipepea.

Mjomba alisimamisha picha.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kanuni ya pili."

Mama aliteremka kitini, akaenda akasimama mbele ya kioo kikubwa. Hakututazama sisi. Alimtazama baba ndani ya kioo.

"Niliiona na rafiki yangu mmoja, ilipotoka. Tuliipenda, tukarudi tena kesho yake. Wiki iliyofuata kijana mmoja fundi majokofu alikuja getini kwetu, mikono myeusi, ananukia gesi, akaanza, hewa ikibaki ya mtu mmoja. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye. Nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka akifika kwenye miadi na jua."

"Ukajua siku ileile?" baba akauliza.

"Tangu neno la kwanza."

"Na hukusema."

"Nilingoja useme wewe. Kila filamu ikitajwa unakimbilia habari za bei ya shaba. Na mgeni akisoma kadi unafurahi mpaka masikio yanakusogea. Ningekuharibia ili nipate nini?"

Baba alisimama. Alikuwa ameduwaa, lakini si kwa hilo peke yake.

"Kwani hakusema kwa zamu?"

"Nani?"

"Jasusi. Mimi nakumbuka alisema tutaivuta kwa zamu."

"Umemsikia sasa hivi. Amemwachia mtungi, akatoka mlangoni kwenda kufa."

Baba alimgeukia mjomba, na mjomba akarudisha picha nyuma bila kuombwa. Jasusi akasema tena ivute wewe. Baba akatikisa kichwa.

"Basi nilisahau. Pale getini nilikuwa natetemeka, nikajazia." Akafikiri. "Karakana tulikuwa na barakoa moja ya gesi, mimi na mwenzangu. Mmoja anavaa anachomelea, mwingine anatoka nje kupumua, kisha mnabadilishana. Nadhani nilichanganya."

"Najua ulichanganya," mama akasema. "Ndiyo maana nilikukubali. Mwanamume wa kukufia ni wa siku moja, ukishamzika umerudi kulala peke yako. Wewe ulinitamkia jambo la jasusi, halafu katikati ukakosea ukasema la kwako. Nikasema huyu hata kuiba hajui, nitakaa naye."

Macho ya baba yalijaa maji, naye hakuyafuta, akayaacha watu wayaone. Na mimi hasira yangu yote ya jikoni iliniishia hapohapo, nikabaki nimeukodolea macho ukuta kama sina akili nzuri. Kadi ilikuwa ya baba. Yule mchumba wa simu nilimkataa kihalali.

Tuliimalizia filamu. Jasusi hakufa, kama unavyodhani. Alilidaka lile pazia la jua, akalifanya mwavuli, akashuka nalo hadi duniani, akatua juu ya kiwanda cha mikate. Mwalimu alisimama na karatasi yake, akaitazama pande zote mbili, akaikunja.

"Chai haimiminiki vile," akasema. "Hilo silifuti. Mengine nayaondoa."

Mikono yote ilinyanyuka. Filamu ilikuwa imeonewa.

Ikabaki adhabu. Mjomba alishika ufagio, akautazama, akamtazama dada yake, na ukaona wazi kwamba angependa kanuni ya pili iwe imetungwa na mtu mwingine. Baba akamwondolea taabu. Aliutwaa ufagio na kuanza kufagia chini ya viti, taratibu, hatua kwa hatua, akizikusanya nywele za watu wote wa mtaa kwenye lundo moja. Alipofika kwenye kiti cha katikati, mama alishaukunja mtandio wake na kunipa mimi niushike.

"Lete huo ufagio," akamwambia, akanyoosha mkono. "Umefika nusu."