Bajia Zisizoingia Mafutani

Mtaa wa Galbet, mjini Garissa, ulimjua Sharifo kwa bajia zake za ndizi. Alichagua ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa, zile zinazoletwa kutoka mashamba ya kando ya mto Tana, akazikata mshazari, akazivika unga wenye iliki, kisha akazikaanga hadi zikawa na rangi ya manyoya ya ngamia mchanga. Mwanamke akijifungua, au mgeni akifika kutoka mbali, bajia za Sharifo zilifika kwenye nyumba hiyo kabla chai haijachemka.

Kisha karai likapinduka. Ilikuwa asubuhi ya Idd, jikoni mmejaa watu, mtu akapita upesi nyuma yake na kugonga mpini. Mafuta yakamwagikia mkono wake wa kulia, toka kiwiko mpaka vidoleni. Akalazwa hospitalini, akarudi nyumbani na bendeji, na mwishowe ngozi ikafunga. Vidole viwili vikabaki vigumu, havikunjiki. Kovu lilimsumbua, lakini kilichomsumbua zaidi ni ule mlio wa mafuta. Akisikia kitu kikikaangwa jikoni, alitoka nje ya nyumba na kusimama uani mpaka kinyamaze.

"Mafuta hayachemki tena ndani ya nyumba hii," akawaambia watoto wake. Karai akaligawa. Toka siku hiyo akawa haendi kwa watu. Aliketi sebuleni, mkono wa kulia ameufunika kwa ncha ya shali, na waliotaka kumsalimia walimfuata hapo hapo.

Binti yake Nasteho alikuwa akiishi naye. Nasteho alifanya kazi katika ofisi ya mifugo, na kazi yake ilikuwa kuwashawishi wafugaji wenye vichwa vigumu kuwaleta ng'ombe wao kwenye chanjo. Mtu anayefanya kazi hiyo hukoma kuogopa kuambiwa hapana.

Jioni moja simu ya Sharifo ikalia. Alikuwa dada yake mdogo, Maka, mfanyabiashara wa vitambaa huko Mandera, mwanamke ambaye hata simu yake ikiwa sikioni, watu wa chumba cha pili humsikia.

"Nakuja Garissa wiki ijayo," Maka akasema. "Nakaa kwako. Na nataka bajia za ndizi. Usinitajie mkono, nimeshasikia habari za mkono."

Sharifo akakata simu, akamtazama binti yake.

"Mpigie umwambie sipo."

"Uko wapi, hooyo?" Nasteho akamuuliza. Hooyo ndivyo walivyomwita mama nyumbani humo.

"Mwambie nimekwenda Bute."

"Bute una nani?"

"Sina mtu. Ndiyo maana hatanifuata huko."

Nasteho akacheka, lakini mama yake hakucheka. Alikuwa akiuvuta ule upindo wa shali, akiufunika mkono ambao tayari ulikuwa umefunikwa.

"Hooyo, Maka atakuja, na bajia atakula," Nasteho akasema. "Katika nyumba hii, kwenye meza hii."

"Nimesema mafuta hayachemki."

"Hayatachemka."

Usiku huo huo akampigia kaka yake Kadar, aliyekuwa Eastleigh, Nairobi, akinunua mali ya duka lake. Akamwagiza eafraya, ile mashine inayokaanga chakula kwa hewa ya moto badala ya mafuta. Kadar akauliza kama anataka kumpikia mama kwa feni. "Ndiyo," Nasteho akamjibu. "Na uchague yenye kikapu kipana."

Mashine ilipofika, nyeusi na nzito, yenye droo mbele kama ya kabati, Nasteho hakusubiri. Akakoroga unga kama alivyomwona mama yake akiukoroga miaka yote, mwepesi kama uji, akachovya vipande vya ndizi na kuvipanga ndani ya kikapu. Akawasha. Feni ikavuma.

Alipoivuta droo, alikuta kitu ambacho hakikustahili jina la bajia. Unga ulikuwa umepita matunduni na kuganda chini ya kikapu. Ndizi zilikuwa zimebaki uchi, zimesinyaa, huku nyingine zimeng'ang'ania kwenye waya kiasi kwamba ilibidi azing'oe kwa kisu.

"Harufu ya nini hiyo?" Sharifo akauliza kutoka sebuleni.

"Ya kujifunza," Nasteho akajibu.

Akaosha kikapu, akaketi na kufikiri. Kwenye karai, mafuta huushika unga papo hapo na kuukausha kabla haujapata nafasi ya kukimbia. Humu hakuna kitu cha kuushika. Kwa hiyo lazima unga ujishike wenyewe. Safari ya pili akapunguza maziwa, akaongeza yai, akaponda ndizi moja ndani ya unga mpaka ukawa mzito wa kuchotwa kwa kijiko. Akatandika karatasi ya kuokea kikapuni na kuweka mafungu madogo madogo juu yake. Safari hii yaliiva vizuri. Yaliumuka, yakawa manjano na laini.

Akampelekea mama yake moja kwenye kisahani. Sharifo akamega, akatafuna pole pole.

"Hii ni keki," akasema.

"Ni tamu?"

"Ni keki tamu. Lakini bajia hulia ukiing'ata."

Nasteho akarudi jikoni bila kunung'unika. Mama yake alikuwa amemwambia kinachokosekana, na hilo lilikuwa zaidi ya alilotarajia. Akasaga mkate mkavu ukawa chenga. Akakata ndizi, akazigaragaza kwanza kwenye unga mkavu, halafu kwenye yai lenye iliki na sukari, halafu kwenye chenga. Akazipaka samli kidogo kwa brashi, upande huu na huu, akaziacha zikae kwenye friji mpaka chenga zikashika. Ndipo akaziingiza.

Alipoivuta droo, Sharifo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakuwa amekanyaga hapo tangu Idd. Nasteho akaziweka kwenye kisahani na kukisogeza karibu naye bila kumshangilia, asije akamfukuza. Sharifo akachukua bajia moja, akaipuliza, akaing'ata.

Ikalia.

"Samli imezidi upande mmoja," Sharifo akasema, kisha akarudi sebuleni. Kisahani alikwenda nacho.

Maka alifika na mizigo yake, marashi yake na sauti yake. Akamkumbatia dada yake, akaushika ule mkono wa kulia bila kuomba ruhusa, akaugeuzageuza kama anayekagua kitambaa. "Mkono ni mkono," akasema, akauachia na kuketi. Wanawake wawili watatu wa jirani wakaja kumwamkua mgeni, mmoja wao akiwa Bishara wa nyumba ya pili, ambaye hakosi habari. Nasteho akawamiminia chai ya maziwa. Ndizi zilikuwa tayari zimevikwa, zimejaa bakuli kubwa, na vipande vya embe navyo vimeandaliwa vivyo hivyo. Akapanga fungu la kwanza kikapuni na kuwasha.

Feni ikavuma kidogo, ikafifia, ikanyamaza. Pangaboi la sebuleni nalo likazunguka pole pole likasimama.

"Umeme umekwenda," Bishara akasema, kana kwamba kuna aliyekuwa hajui.

Wakangoja. Umeme wa mtaa ule ukikatika alasiri, mara nyingi hurudi Mungu apendapo. Maka akachungulia jikoni, akaona bakuli, akakunja mikono ya nguo yake.

"Ndizi zitatoa maji tukikaa hivi. Leteni jiko la mkaa. Mtu aende dukani alete mafuta, nami nitazikaanga mwenyewe. Jambo dogo hili."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kutenda, na kwake yeye karai ni karai tu. Lakini Nasteho alimwona mama yake akijiinamia, mkono wa kulia ukizama tena ndani ya shali, na macho yake yakitafuta mlango wa uani.

"Hapana, habaryar," Nasteho akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake mdogo. "Mafuta hayachemki katika nyumba hii."

Maka hakuwa amezoea kukatazwa na watoto wa dada zake.

"Basi tutakula mbichi?"

"Tutakula zimeiva. Shuaib ana jenereta."

Shuaib aliuza vinywaji baridi upande wa pili wa njia, na ngurumo ya jenereta lake ilikuwa tayari inasikika. Nasteho akaifunga mashine kwa leso, maana ilikuwa imeanza kupata moto, akaikumbatia kifuani kama mtoto.

"Na bakuli?" Bishara akauliza.

Maka akanyoosha mkono kulichukua.

"Liache," Sharifo akasema. Watu wote wakageuka. "Wewe unatembea kama unafukuzwa, Maka. Utalitikisa, chenga zote zitabanduka."

Akainuka. Akalishika bakuli kwa mikono yote miwili, na shali likateleza begani likabaki kwenye kiti. Kovu likaonekana lote, toka kiwiko mpaka vidoleni, na yeye hakuwa na mkono wa kulifunika. Akatazama mbele, akatoka getini nyuma ya binti yake.

Shuaib alikuwa ameketi kati ya friji zake.

"Nahitaji soketi," Nasteho akamwambia.

Shuaib akaitazama mashine. "Kitu hicho kinakula umeme sana. Kikiwaka pamoja na friji zote, jenereta litazima."

"Basi zima friji moja. Soda haiharibiki kwa muda wa kuivisha bajia."

Shuaib alitaka kubisha. Ndipo akamwona aliyesimama nyuma ya Nasteho.

"Mama Sharifo! Umetoka?"

"Nimetoka," Sharifo akasema. "Zima friji."

Akaizima.

Wakaiweka mashine juu ya kaunta. Nasteho akasema bismillahi, akabonyeza, feni ikavuma kwa nguvu. Alipoivuta droo kuongeza ndizi, mama yake akamsukuma kando kwa kiwiko.

"Unazibananisha. Hewa itapita wapi?"

Akaanza kuzipanga mwenyewe. Vile vidole viwili vigumu vilishika kipande cha ndizi vizuri kuliko koleo, kimoja juu na kingine chini, bila kuminya. Nasteho akasimama pembeni na brashi ya samli, akipaka pale tu alipoamriwa. Harufu ya iliki ikatoka dukani ikaenda njiani. Wateja waliokuja kwa maji baridi wakasimama. Maka na wale wageni nao wakawa wamevuka njia, kila mmoja na kikombe chake cha chai.

Bishara akasogea karibu, macho yakiwa juu ya kovu.

"Mkono umepona, mashallah?"

"Haujapona," Sharifo akasema, akiitikisa droo. "Unafanya kazi."

Bishara akarudi nyuma na kikombe chake.

"Geuza sasa," Sharifo akamwambia Nasteho. "Sasa, si kesho."

Bajia za kwanza zikatoka. Maka akapewa ya mwanzo, kama mgeni. Wote wakamtazama. Akaing'ata, ikalia, akatafuna huku amefumba macho, akameza.

"Si zile za zamani," akasema.

"Si zile," Sharifo akakubali.

"Zile zilikuwa zinaacha mafuta mpaka kwenye kiwiko."

"Ndiyo."

"Nipe nyingine. Nipe na ya embe."

Hapo Sharifo akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na Nasteho akagundua kwamba alikuwa amesahau jinsi kicheko hicho kilivyo kikubwa. Alitaka kulia kidogo, lakini kikapu kilikuwa kinangoja, akapanga fungu jingine. Shuaib akala, wateja wake wakala, na alipoona watu wanavyozidi kujaa akawauzia soda za ile friji iliyozimwa kabla hazijapoteza baridi yake. Hakulitaja tena jenereta. Adhana ya magharibi ndiyo iliyowatawanya, kila mtu akilamba vidole.

Umeme ulirudi wakiwa wameshafika nyumbani. Shali lilikuwa bado kwenye kiti. Sharifo akalikunja, akaliweka kabatini, akaenda kutawadha.

Asubuhi Nasteho aliamka akijiandaa kwenda kazini, akasikia mabishano jikoni. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya mashine na papai lililokatwa, na Maka alikuwa ameketi kwenye kibao akisaga mkate, uso umejaa unga.

"Saga laini zaidi," Sharifo alikuwa akisema. "Unataka kuwapa watu kokoto?"

"Mimi ni mgeni katika nyumba hii," Maka akalalamika.

"Mgeni wa jana. Leo unasaga. Utarudije Mandera ukasema umejifunza, na hujui hata chenga?"

"Hooyo, papai lina maji mengi," Nasteho akasema kutoka mlangoni. "Litalowesha unga."

"Ndiyo maana nimelikausha kwa kitambaa tangu alfajiri," Sharifo akamjibu bila kugeuka. "Nenda kazini. Unatuchelewesha."

Nasteho akachukua mkoba wake. Nyuma yake feni ya mashine ikaanza kuvuma, na Maka akaulizwa anangoja nini kuleta samli.