Marehemu Hakashifiwi

Sheria ya kashfa niliisomea kwenye cherehani. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili wa uandishi wa habari, na kila mtihani ukikaribia alinigeuza darasa: yeye anatembea huku na huku chumbani akisema, mimi napinda mikono ya mashati, pini mdomoni, siwezi hata kumjibu. Ndivyo nilivyojua kwamba neno la uongo likitangazwa kwa watu wengine, likamshushia mtu heshima yake, hiyo ni kashfa. Nilipotema pini nikamwambia sisi mtaani tunaita kumchafulia mtu jina, wala hatukuhitaji chuo kulijua hilo. Alicheka. Siku hizo nyumba yetu ilikuwa ya kucheka.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa chuo hichohicho. Chaki, balbu, chupa za maabara, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa mpole kupita kiasi, ila kwenye jambo moja alikuwa mgumu kama msumari: hakumpa mtu kitu bila sahihi, hata awe mkuu wa chuo. Wanafunzi walimwita Mzee Sahihi, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi hadubini za maabara zikatoweka. Gazeti la wanafunzi, lile linalobandikwa kila Ijumaa kwenye ubao nje ya bwalo, likaandika kwamba mtunza stoo mmoja wa siku nyingi inadaiwa anauza vifaa vya chuo. Aliyeandika alikuwa mhariri wao, kijana tuliyemwita Kalamu, mwenzake binti yangu darasani, aliyekula mezani kwangu mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu. Binti yangu wiki hiyo alikuwa mafunzoni redioni, hakuiona habari mpaka ilipokwisha kubandikwa.

Alimpigia simu palepale mbele yangu. Kalamu akajitetea kwamba hawakumtaja mtu jina, na tena waliweka "inadaiwa". Huo ndio ulikuwa mtindo wao katika chumba cha habari: habari ikiwa ya moto, ondoa jina, weka inadaiwa, kalale.

"Chuo kina mtunza stoo mmoja," binti yangu akamwambia. "Ulitaka umtaje mara ngapi?"

Mume wangu aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Haukwenda mbali. Mkuu wa maabara mwenyewe ndiye aliyezipeleka zile hadubini kwa fundi zikasafishwe, akasahau kumwambia mtu. Zikarudi zinang'aa. Ofisi ikampigia mume wangu simu arudi kazini Jumatatu, kwa sauti ileile wanayoitumia kumwambia mtu kwamba chaki zimefika.

Lakini ule ubao ulikuwa umeshasomwa. Majirani waliokuwa wakimsalimia kwa mikono miwili sasa walimsalimia kwa kidevu. Jirani yangu mmoja, mteja wangu wa miaka, aliniambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamrudishia kitambaa chake hakijakatwa. Methali hiyo nimeichukia tangu hapo. Aliyeitunga hakuwahi kusingiziwa.

Mume wangu hakurudi kazini. Hakutaka fidia, hakutaka kesi. Alitaka jambo moja, na alilisema akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vya kazi vimeshafungwa kamba, siku ile ya Jumatatu aliyotakiwa kurudi.

"Ubao ulionitukana ndio unisafishe. Siku hiyo nitakwenda."

Kisha akavivua.

Alianza kukonda. Chakula alikigusagusa tu. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu zamani, sasa kikawa hakimpi nafasi. Mimi nilisema twende kwa Kalamu, nimshike sikio, aandike. Binti yangu akasema hapana, mama, mambo haya yana utaratibu wake. Alikuwa na hasira, na hasira yake alikuwa ameivalisha miwani. Akaandika barua kwenda kwa mkuu wa chuo, ndefu, ina vifungu vya sheria: kwamba baba yake ametambulika hata kama hakutajwa, kwamba "inadaiwa" si kinga, kwamba wasipoomba radhi kabla ya wiki kwisha tutaonana mahakamani. Baba yake aliisoma taratibu, akauliza kama kuna haja ya maneno makali vile. Binti akamwambia bila hivyo hawatasikia. Mume wangu akatia sahihi. Alimwamini mtoto wake, na aliona fahari kwamba mtoto anajua mambo.

Wiki ikapita. Ijumaa ubao ulikuwa na habari za mpira. Ijumaa iliyofuata, uchaguzi wa viongozi wa bweni. Kila Ijumaa alinituma nikamsomee, na kila Ijumaa nilirudi nikamwambia bado. Ijumaa ya mwisho niliporudi hakuniuliza. Nilimkuta amelalia ubavu, ameelekea mlangoni, amekwisha kwenda. Daktari alisema ni moyo. Hata mimi ningemwambia hivyo.

Tulipotoka kuzika, Kalamu alinifuata nyuma ya nyumba nilikokwenda kulia peke yangu. Alikuwa analia kuliko mimi. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa. Akaniambia kwamba radhi alikuwa ameiandika zamani, kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa imeshapangwa kwenye ukurasa, itoke Ijumaa ile ya kwanza. Kabla haijabandikwa ikafika barua ya binti yangu. Mkuu wa chuo akampigia wakili, wakili akasema mkiomba radhi sasa mmekiri kosa, asiandike mtu hata nukta. Radhi ikaondolewa ukurasani, pakajazwa mpira.

Akaniomba nisimwambie binti yangu. Nikamwambia wewe mtoto, unadhani mimi ni nani.

Ijumaa iliyofuata radhi ikatoka. Tulikwenda mimi na binti yangu kuiona. Ilikuwa katikati ya ubao, ndani ya mstari mweusi, na majina matatu ya mume wangu yote yameandikwa, na kwamba alikuwa mtu mwaminifu, na kwamba gazeti linasikitika. Nikamuuliza binti yangu mbona leo wakili hakukataza.

"Marehemu hakashifiwi, mama," akasema. Alilisema polepole, kama anakumbuka ukurasa wa kitabu. "Kwa sheria, jina ni la mtu aliye hai. Akifa, na kesi imekufa. Sasa hawaogopi kitu."

Nilisoma tena yale majina. Mtu wangu alikuwa ameomba mistari michache, na walisubiri mpaka asiweze kuisoma.

Binti yangu akaniuliza, hanitazami.

"Mama. Nisingeandika ile barua, baba angeisoma hii?"

Yule mtoto ana akili, alikuwa ameshafika mlangoni mwa jibu, amebakiza kusukuma tu. Nilimwona akiwa na miaka thelathini, arobaini, bado amesimama hapo.

"Asingeisoma," nikasema. "Nilimwendea Kalamu mimi mwenyewe, kabla hujaandika barua. Akanicheka. Akasema haombi radhi mtu, na hasa si mtunza stoo."

Alinigeukia. Niliona uso wake ukikaza, na chini ya kule kukaza niliona pumzi ikimrudia.

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Aliniamini. Kalamu anampigia simu mpaka leo, binti yangu hapokei. Darasani amehama kiti, na rafiki zao wote ameshawaambia kijana yule ni mtu wa namna gani. Simu ya binti yangu ikiita na jina la Kalamu likitokea, mimi ndiye ninayeondoka chumbani.