Mashahidi wa Mama Ruti

Mgahawa wa Mama Ruti haukujua kiti kitupu. Madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, wabadilisha fedha, bodaboda, wote walikula ugali wake, na umbea wakapewa bure. Kila mwezi, siku moja, alishinda Vwawa kutwa nzima. Watu wakasema ana bwana huko. Yeye akacheka, akatia chumvi: "Tena mrefu, na meno yote anayo!" Heri bwana wa uongo kuliko kopo la kweli. Kopo lilikuwa la dawa za kupunguza makali ya virusi. Alilijaza pamba ili vidonge visilie, akalizika sandukuni chini ya vitenge. Kliniki hata hapa Tunduma ipo, lakini ina benchi, na benchi lina macho.

Siku hiyo mchana mtendaji wa mtaa, Damiano, aliingia na mgambo wawili.

"Mama Ruti, tumeambiwa unaficha sukari ya magendo. Tunaangalia chumba cha nyuma unacholala, dakika mbili."

Mama Ruti alimjua Damiano kwa uvivu. Atachungulia uvunguni, ataondoka. Magunia ya sukari hayakai sandukuni.

"Pita, baba."

"Apite wapi?" Hezron, wakala wa mizigo, alisimama na tonge mkononi. Mwaka ule wa Bunge la Katiba alitembea na Katiba kwapani kama kipimajoto. "Ibara ya kumi na sita! Maskani ya mtu yana heshima yake. Hati ya upekuzi iko wapi?"

"Kaa ule, Bwana Hezron," Mama Ruti alimnong'oneza. "Nakuomba."

"Haki haiombwi, mama!"

Wateja wakapiga meza. "Mpe, Bwana Katiba!"

Damiano alitabasamu kama paka aliyefunguliwa mlango wa jiko. Akatoa karatasi yenye mhuri.

"Hati hii hapa. Nilitaka kumsitiri mama wa watu. Sasa mnataka sheria? Sheria inataka mashahidi, na kila kitu kiandikwe, kisomwe kwa sauti. Nani shahidi?"

Wote wakanyoosha mikono.

Wakajazana mlangoni na mifupa mikononi. Hezron, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyeandika. Godoro moja. Ndoo mbili. Sidiria tatu.

"Moja imetoboka!" dereva mmoja akapaza sauti. Kicheko. Mama Ruti naye akacheka, angenyamaza wangeshtuka.

Vitenge sita. Kopo moja.

Mgambo akalitikisa. Halikulia. Damiano akalifungua, akavuta pamba.

"Soma lebo, Bwana Katiba. Kwa sauti."

Hezron akasoma jina la mgonjwa, akasoma kliniki ya Vwawa, akaanza jina la dawa. Akaishia katikati.

"Dada yangu alikuwa anazimeza hizo," dereva akammalizia.

Waliojazana mlangoni wakaanza kurudi nyuma.

"Sukari hakuna," Damiano akasema. "Mama ni msafi. Weka saini."

Mama Ruti akaweka. Alipotoka chumbani, wateja walikwisha ondoka; sahani kumi na nne zilikuwa mezani, nyama zikiwa ndani.

Kesho yake alikuja Hezron peke yake.

"Nimemwandikia mkurugenzi wa halmashauri, mama. Wamekuvunjia haki. Tutashinda!" Kisha akafungua mfuko, akatoa sahani na kijiko alivyotoka navyo nyumbani. "Nipakulie humu."

Mama Ruti akampakulia, akajaza. Akamuuliza kwa sauti yake ileile ya kuchekesha watu:

"Na maji, utakunywa ya kwangu?"

Hezron akafunua Katiba, akawa anatafuta ibara.