Ruta ya Kumlinda Priscila

Kila jioni tableti ya Priscila ilipolia, Yuster alijua nani anapiga. Mtoto aliacha daftari lake wazi mezani, akakimbilia chumbani na kurudishia mlango. "Mawe!" alisikika akiita, yaani mama yangu kwa Kihangaza. Kisha vikafuata vicheko.

Priscila alifundishwa Kihangaza na baba yake. Yuster alikuwa Msukuma wa Nyabusozi, na Kihangaza chake kiliishia kwenye salamu. Aliinama juu ya cherehani yake pale sebuleni, akisikiliza maneno asiyoyaelewa, na moyo ukimchoma. Alipoolewa na mwalimu Juvenali hapa Biharamulo mjini, Priscila alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tecla, mama mzazi, alikuwa ameshaachana na Juvenali na kurudi kwao Murusagamba, na ukoo wa baba ukakataa mtoto aondoke. Yuster ndiye aliyemuuguza surua na kumsuka nywele za siku ya kwanza ya shule. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Majirani walimwita Mama Priscila, naye aliitika kwa raha. Mwaka huu Tecla alipata simu janja, na tangu hapo lile jina lilimbana Yuster kama gauni la kuazima.

"Wanaongea nini muda wote huo?" alimuuliza mumewe.

"Mtu na mama yake watakosa la kuongea?" alijibu Juvenali, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Yuster hakulala vizuri kwa sababu ya jibu lile.

Wiki hiyo hiyo wazazi waliitwa shuleni kwa Priscila. Watoto wa darasa la sita walikuwa wamekutwa wakitazama video chafu. Juvenali alirudi amekunja uso. "Ruta yetu ya intaneti inafungulia kila kitu," alisema. "Tutafute yenye ulinzi wa watoto. Wewe ndiye unayeshinda na Priscila, kaichague mwenyewe."

Dukani kwa mzee Malongo, karibu na stendi, Yuster alisalimu, "Shikamoo baba," akawekewa ruta mbili juu ya kaunta.

"Marahaba. Hii inazuia tovuti chafu kwa nyumba nzima," Malongo alieleza. "Ukishaiwasha, basi. Wengi huchukua hii. Hii nyingine unaiendesha kwa simu yako. Unaweza kupanga kila kifaa kivyake, mtoto aingie saa ngapi, atumie nini na asitumie nini."

Yuster aliishika ile ya pili. "Inaweza kuzuia WhatsApp peke yake? Kwenye tableti moja tu?"

"Inaweza. Vifaa vingine vyote nyumbani vitaendelea kama kawaida. Mtoto anakusumbua na WhatsApp?"

"Kuna mtu anamsumbua," alisema Yuster, akashangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi.

Jioni ile Juvenali alijaribu mwenyewe kufungua tovuti chafu kwenye tableti, zikagoma, akamsifu mkewe. Jambo la WhatsApp Yuster hakumwambia. Tableti haikuwa na laini; bila ruta ilikuwa kimya. Na Juvenali na Tecla, tangu waachane, hawakupigiana simu.

"Mama, WhatsApp haifunguki," alisema Priscila.

"Mtandao wa siku hizi, mwanangu. Subiri."

Mwanzoni Yuster alifurahi. Mtoto alikaa naye sebuleni, akamsaidia kupanga vifungo, wakaangalia masomo pamoja. Lakini kila jioni Priscila aliijaribu tableti, kisha akaigeuza kifudifudi. Aliacha kusimulia mambo ya shule. Siku moja, akiwa anamenya ndizi, aliuliza bila kuinua kichwa, "Mama, mtu akikuchoka anakuzuia kwenye simu, si ndiyo?"

"Nani kakuambia hivyo?"

"Mawe kanichoka."

Yuster alikuwa na nafasi ya kusema. Alisema, "Menya haraka, baba yako ana njaa," akachukua kisu amsaidie.

Jumamosi asubuhi mtu alibisha hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, vumbi jekundu la barabara ya Murusagamba likiwa limemjaa hadi kwenye kope, ameshika mfuko wa maharage.

"Hodi, Mama Priscila," alisema. "Mimi ni Tecla. Nisamehe kuja bila taarifa. Mtoto hapatikani, nikasema labda anaumwa na mnanificha. Yupo hai?"

Priscila alitoka uani mbio, akamrukia. Safari hii waliongea Kiswahili.

"Ulinizuia!" Priscila alilia. "Kwa nini ulinizuia?"

"Mimi? Nimepiga mpaka simu ikaisha chaji."

Juvenali alitoka chumbani akiwa na tableti, akaigeuza geuza, kisha akamtazama mkewe. Yuster alikaa kwenye stuli ya cherehani.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga WhatsApp kwenye ruta. Mnavyocheka humo ndani, niliona nanyang'anywa mtoto."

Tecla ndiye aliyeongea, taratibu. "Unajua ananiambia nini kila siku? Mama kanishonea, mama kasema. Mama ni wewe. Nacheka naye, nikikata simu nalia. Halafu wewe ndiye unayeona wivu?"

Yuster alichukua simu yake akakifungua alichokuwa amekifunga, tovuti chafu akaziacha zilivyozuiwa. Priscila hakumwangalia. Mchana aliomba likizo ya shule, iliyoanza jana yake, akaitumie Murusagamba, na Juvenali akakubali. Yuster alimfungia nguo mwenyewe. Kwenye gari mtoto alikaa dirisha la upande wa pili, mbali na aliposimama Yuster.

Nyumba ikawa kubwa. Juvenali aliongea naye mambo ya chumvi na maji tu. Ndipo siku moja simu ya Yuster ikaita, na uso wa Tecla ukatokea.

"Mtoto ana homa, dada. Zahanati wamempa dawa, anaendelea vizuri, ila hataki kula. Anasema kuna uji unaompikia akiumwa."

"Wa mtama. Unautia ndimu ukishaiva, si kabla."

"Nimepika mara mbili. Anasema si wenyewe." Sauti ya Tecla ikawa kavu. "Hata ladha ya mkono wangu haijui."

Furaha ilimpanda Yuster ghafla, akaionea aibu. Aliisogeza simu karibu na uso. "Weka sufuria jikoni," alisema. "Nitakuelekeza tukipika wote. Muite na Priscila aone."