Alama Juu ya Pai

Colleen alikuwa akisukuma unga, na mama mkwe wake, Winifred, amemsimamia kama askari jela.

"Unaukanda au unaupiga? Unga wa pai unaguswa kidogo tu. Lakini utajulia wapi? Kwenu mlikula pai za dukani."

Colleen akameza hasira. Kila vuli ndiye aliyemenya matufaha, akayakata, akayachanganya na sukari na mdalasini. Winifred alibakiwa na kazi ya mdomo, maana mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na siri hiyo haikutoka nje ya jiko lile. Huko milimani Vermont, Marekani, mwanamke asiyepeleka pai kwenye chakula cha kanisa hahesabiwi kabisa. Tena kila nyumba ina alama yake, inayochorwa kwa kisu kwenye unga wa juu ili mvuke upate pa kutokea. Ya Winifred ilikuwa suke la ngano. Basi Colleen alioka, suke likasifiwa, na mwenye suke akapokea sifa bila haya hata chembe.

Mwaka huu Colleen alikuwa amechoka. Alitaka watu wajue pai ni ya nani, basi. Akashika kisu, akachora ndege.

"Nini hicho?"

"Alama yangu, Mama."

"Wewe una alama? Ndani ya nyumba yangu?"

"Juu ya pai yangu."

Winifred akatoa kicheko cha puani. "Haya. Tuone nani atamla huyo kunguru wako."

Kanisani pai haikukaa hata kidogo kabla ya wanawake kuizunguka, kila mmoja na kipande chake cha jibini kwenye sahani, maana huko pai ya matufaha huliwa na jibini.

"Jamani, imeiva vizuri! Ndege huyu wa nani?"

Colleen akafungua mdomo.

"Wangu," Winifred akamuwahi. "Suke limenichosha, nimebadilisha."

Colleen akamtazama mumewe, Dwight, aliyeujua ukweli wote. Dwight akainamia kahawa yake. Hapo damu ikamchemka Colleen. Akachukua kisu, akakiweka mkononi mwa mama mkwe kwa adabu zote.

"Mwokaji ndiye anayekata kipande cha kwanza. Tukatie, Mama."

Kisu kikagonga ukingo wa sahani, kikagonga tena, hakikutulia. Winifred akakikandamiza kwa mikono miwili. Ndege akavunjika vipande vipande, matufaha yakamwagika mezani, na kila mtu akaiona ile mikono.

Dwight akainuka, akakitoa kisu mkononi mwa mama yake taratibu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umeridhika sasa?"

"Pai ni yangu," Colleen akasema. "Nimeioka mimi. Zote nimeoka mimi."

Wanawake wakachukua sahani zao na jibini lao, wakahamia meza ya pili, wakamwacha Colleen na pai yake.