Jina Lililoachwa Nje ya Orodha

Kwa miezi minne Asifiwe aliandika kijiprogramu kimoja. Ukikipa uzito wa gunia la kakao kabla na baada ya kuanikwa, kinakuambia kama punje zimekauka za kutosha kupokelewa. Mwaka ule wa tisini na nane wanunuzi binafsi walimiminika Kyela, kila mmoja na kipimo chake cha uongo, na wakulima wa Bujonde walitaka cha kwao.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa chama chao cha wakulima alikuwa mzee Nsajigwa, baba mkwe wake, na kwa mila yao mkamwana haonani na mkwewe wala hasemi naye. Kila alichoandika alikipeleka mumewe, Andrew. Huko Andrew aliambiwa ndaga, ndaga, yaani asante, una akili kijana, na hakukanusha hata siku moja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: wiki ya kukionyesha chamani, Andrew akakichukua kijiprogramu akakitia ndani ya moduli mpya, yaani programu kubwa inayobeba nyingine, akaipa jina lake mwenyewe, mkewe asijue.

Siku ya kukionyesha mbele ya wajumbe, chama kilikuwa kimteue fundi wake wa kompyuta. Kwa kuwa mkwewe alikuwepo, Asifiwe alikaa chumba cha pili, mlango umeegeshwa. Akamsikia Andrew akisoma kwa kigugumizi kwamba mashine haikijui kijiprogramu. Alielewa papo hapo. Moduli zikipangwa moja ndani ya nyingine, kama vyungu vya Wakisi vikienda sokoni, kilicho ndani hakionekani mpaka ile ya nje ikitaje kwenye orodha ya vitu inavyovitoa. Andrew alikumbuka kuandika jina lake mwenyewe tu, la kijiprogramu akaliacha.

"Jana mke wangu aliichezea mashine hii," Andrew akawaambia wajumbe.

Asifiwe aliinuka. Miezi minne, leo inaitwa kuchezea! Akausukuma mlango. Mzee Nsajigwa akageukia ukuta upesi, wajumbe wakaguna. Asifiwe akamsogeza mumewe kwa kiwiko, akaongeza mstari mmoja kwenye ile orodha, akaingiza uzito wa gunia la kwanza. Jibu likatokea: halijakauka.

"Hiki nimekiandika mimi," akamwambia Andrew mbele ya wote. "Wewe umekificha mpaka mashine yenyewe isikione."

Ndipo mzee akasema, uso ungali umeelekea ukutani, "Andrew, muulize aliyekiandika kama kazi anaitaka."

Andrew akafungua kinywa. Asifiwe hakumngoja.

"Naitaka, baba," akauambia mgongo wa mkwewe.