Karai la Kadi za Mwaka Jana

Kwetu kadi ya sikukuu haihifadhiwi. Ukiipokea utaiweka juu ya kabati la vyombo mwaka mzima, ipigwe vumbi, ipauke, nzi watue juu yake wapendavyo. Sikukuu ikikaribia tena inashushwa, inasomwa kwa sauti mara ya mwisho, inachanwa vipande vidogo na kutiwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Vikishalainika, vipande husagwa mpaka viwe uji, uji huchotwa kwa fremu ya mbao yenye wavu, na kinachobaki juu ya wavu, kikishaanikwa, ndiyo karatasi ya kadi mpya. Mama ndiye aliyeanzisha. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili na hakuweza kuona karatasi inatupwa bila kuguna. Baba, ambaye ni fundi wa kufunga vitabu, alitengeneza fremu, kisha akajitungia sheria: kadi zote, bila upendeleo. Kwa hiyo karatasi ya nyumbani kwetu imekuwa ikizunguka miaka ishirini na sita, na karibu kila neno jema tulilowahi kuandikiana limo humo, limesagika.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ukilitegea karai sikio utasikia maneno yakiongea. Nilikuwa nikiinama mpaka pua inagusa maji. Mama hakunikataza. Aliniuliza tu, "Yanasemaje?" Nami nilitunga majibu, naye akayasikiliza yote kwa makini, kama ninamsomea taarifa ya habari.

Mwaka huu tulikuwa wanne kwenye veranda ya nyuma. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mvua ya manyunyu ikianguka kidogo kidogo bila haraka, na mwanga ulikuwa mweupe, hauna upande unakotokea. Baba alikuwa akikagua misumari ya fremu, ingawa alikuwa ameikagua jana. Shangazi, dada yake Baba, alikikalia kiti cha Mama makusudi, ili kisitutolee macho kikiwa kitupu. Na mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, magoti kidevuni. Sisi humwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kuongea hajawahi kunyamaza. Siku hiyo alikuwa kimya.

Mimi nilikuwa nimevaa aproni yenye mfuko mkubwa, na ndani ya mfuko kulikuwa na bahasha iliyofungwa, yenye jina la Chiriku kwa mwandiko wa Mama.

Niseme yote, maana nimeshachoka kuibeba. Miaka miwili iliyopita Chiriku aliacha kazi ya ualimu ambayo Mama alimhangaikia, akaenda mji mwingine kuchora mabango ya maduka. Mama alimwambia asirudi. Chiriku akamjibu kwamba hana haja ya kurudi. Wote wawili walikuwa na ndimi kali, na wote wawili wakajuta kabla ya lango kufungwa, lakini nani aanze? Aliyebaki ni mimi. Ni mimi niliyempeleka Mama hospitali, nikakaa kwenye mabenchi, nikajifunza majina ya vidonge. Halafu mwaka jana, wiki mbili kabla ya sikukuu, Mama akanipa bahasha ile, akaniambia, "Ya mdogo wako. Itume wewe, wewe ndiye mtu wa posta."

Na kweli mimi ni mtu wa posta. Nimekaa dirisha la tatu miaka kumi na moja, nikigonga mihuri barua za watu. Watu nisiowajua wananikabidhi siri zao na kwenda zao bila kugeuka nyuma. Bahasha ya mama yangu mzazi niliitia mkobani. Nikajiambia, asubiri kidogo huyu, naye aonje. Kesho nitaituma. Kesho ikawa keshokutwa. Sikukuu ikapita. Miezi miwili baadaye Mama akafariki, na Chiriku akaja mazishini, akanishika mabega na kuniuliza, "Hata kadi, dada? Hata kadi hakutaka kuniandikia?" Mimi nikamkumbatia na kulia naye. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo yanayonitia aibu zaidi.

Kwa hiyo nilijua vizuri Jumamosi ile ilikuwa siku gani. Ningeichana ile bahasha mfukoni taratibu, nividondoshe vipande vyake karaini pamoja na vingine, basi. Kufikia mchana ingekuwa uji. Hakuna ambaye angejua, na Chiriku angeendelea kuamini kwamba Mama alikufa akiwa na kinyongo naye.

"Mkubwa aanze," Baba alisema.

Nikaanza. Kadi yangu ya mwaka jana kutoka kwa Mama ilikuwa na ua moja lililokatwa kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Nikasoma: "Mwanangu wa kwanza, wewe ni mkono wangu wa kulia. Usichoke." Sauti yangu haikutetemeka. Nikaichana. Vipande vikaelea juu juu kwa muda, kisha vikaanza kunywa maji, wino ukitoka kwenye herufi kama moshi mwembamba wa bluu.

Baba akasoma yake, ambayo kwa miaka yote iliandikwa vilevile: "Kwa fundi wangu, punguza kelele za nyundo." Shangazi akasoma yake na kuilalamikia papo hapo.

"'Wifi yangu, mwaka ujao uje na hadithi mpya, za zamani tumezikariri.' Mnaona? Hata amekufa bado ananichokoza!"

Tulicheka. Hata Chiriku alicheka, na kicheko chake kilipokwisha tukabaki tunamtazama, maana zamu ilikuwa yake.

"Mimi sina," alisema. "Mniruke tu."

"Basi usaidie kuchana," Baba akasema polepole.

"Nitachana. Ila nilikuwa nafikiria, ndani ya basi, jana..." Akayakumbatia magoti. "Nilifikiri labda ningekuta hata moja ya zamani. Halafu nikakumbuka kwetu hakuna za zamani. Mkishakosa mwaka mmoja, mmekosa."

Hakusema kwa lawama. Alikuwa anaeleza tu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni na vidole vyangu, naapa, vilikuwa vimeshaanza kazi bila kuniuliza, kona ya bahasha ilikuwa imechanika kiasi cha ukucha.

Nikatazama maji. Kipande kimoja cha kadi yangu kilikuwa kimesimama wima kabla ya kuzama, na juu yake kulikuwa na neno "Usichoke," ambalo lilikuwa likiachana herufi kwa herufi. Mvua, veranda, watu, vyote vikawa mbali, nikawa tena mtoto mwenye pua majini. Sikusikia maneno yoyote ya ajabu. Nilimsikia Mama na sauti yake ya darasani, ile isiyo na hasira wala haraka, akiuliza swali alilokuwa akiuliza kila asubuhi huku akijua jibu: nani hajaleta daftari lake?

"Ipo," nikasema.

Shangazi akauliza, "Nini ipo?"

Nikatoa bahasha nikaiweka sakafuni mbele ya Chiriku. Nilitaka kueleza, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba nilikuwa na hasira, kwamba nilikusudia kuituma kesho yake. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Nikasema tu, "Alinipa niitume mwaka jana. Sikuituma. Sijaifungua."

Baba aliweka fremu chini kwa uangalifu mkubwa.

"Barua za watu unazipeleka," alisema. Hata maneno matano hayakufika. Yalikuwa manne, na yalinitosha.

Chiriku aliigeuza bahasha mara mbili. Akaipapasa ile kona niliyoichana. Kisha akaifungua, na kwa kuwa ndivyo nyumba yetu ilivyotulea, akaisoma kwa sauti.

"'Chiriku. Umeondoka na mkasi wangu mdogo. Huu uliobaki unatafuna karatasi. Sikukuu uje nao. Shuka zako nimezifua. Mama.'"

Akageuza kadi kuangalia nyuma. Hapakuwa na kitu kingine. Hakukuwa na nisamehe wala nimekusamehe. Mkasi na shuka, basi, na Shangazi akaanza kulia waziwazi, bila hata kujifunika uso.

"Alizifua kweli?" Chiriku aliniuliza.

"Mara mbili. Ya kwanza zilinyeshewa kambani."

"Alinisubiri?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningemwambia Mama alikuwa akilala sana siku zile, hakuwa akijua hata tarehe. Angeamini, na angeumia kidogo tu.

"Alikusubiri," nikasema. "Aliweka sahani yako mezani. Tukala, tukamaliza, nikataka kuiondoa, akanishika mkono. Ilikaa pale mpaka jioni. Kila lango likilia alikuwa anaangalia."

"Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa hapo."

"Ukijua kwamba siji."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Nilitamani anipige. Badala yake akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akaishika kadi kwa vidole viwili, na kuisogeza juu ya karai. Kadi zote, bila upendeleo. Nikaona kona yake imeshagusa maji.

"Hiyo haiingii," Baba alisema.

"Sheria ni yako, Baba."

"Ni yangu. Nimesema haiingii."

Chiriku akaiondoa, akaikausha kwenye sketi yake na kuitia kifuani, ndani ya blauzi. Hiyo ndiyo kadi pekee ya Mama iliyobaki duniani. Ya kwangu nilikuwa nimeichana mwenyewe nusu saa kabla, kwa utiifu, nikijifanya mtoto mwema, na sasa ilikuwa imeshatawanyika miongoni mwa za Baba na za Shangazi. Hata ningetaka kuiokota nisingejua nianzie wapi. Niliingiza mkono nikakoroga. Maji yalikuwa yamepoa.

Mchana tulisaga. Uji mwaka huu ulitoka wa kijivu kisicholemea, wenye madoa ya bluu hapa na pale, mzuri kuliko miaka yote niliyoikumbuka, na sikuwa na ujasiri wa kulisema hilo. Mvua ilikuwa imeacha. Shangazi akatandika vitambaa vya kuanikia. Fremu yetu ni kubwa, haichotwi na mtu mmoja, na watu wa kuichota siku zote walikuwa Mama na mimi. Nikashika upande wangu na kungoja. Nilidhani atakuja Baba.

Akaja Chiriku.

"Sitakusamehe leo, dada," alisema. "Kwa hiyo usinitazame hivyo."

"Sawa."

"Na kesho pia sidhani."

"Sawa."

"Siyo sawa! Usiniitikie kila kitu. Ungeniitikia hivi zamani tusingefika huku." Alikunja mikono ya blauzi, akaizamisha fremu upande wake kwa nguvu hivi kwamba uji ulinirukia usoni. Tukaiinua pamoja. Maji yakachuruzika kupitia kwenye wavu kwa muda mrefu, sauti nyembamba isiyokatika, na juu yake karatasi ikaanza kuonekana, laini, imelala, bado haijawa kitu.

"Kadi yako mwaka huu nitakupa mwenyewe mkononi," alisema, bila kuniangalia. "Posta siiamini."

Shangazi alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi nilitaka kucheka pia, lakini kilio kikatangulia, na mikono yangu ikalegea, na fremu ikainama upande wangu.

"Shika vizuri," Chiriku akaniambia. "Inachanika."

Nikaishika.